Chini ya Kizingiti cha Dirisha

Magdaline alijua kwamba mkono wake wa kulia umeanza kumwacha siku aliyoshika birika la moto, akasikia harufu ya ngozi inayoungua, na ndipo akatazama chini na kuona kuwa ngozi yenyewe ni yake. Hakuhisi chochote. Alilitua birika polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, akageuka kuhakikisha kwamba hakuna aliyemwona katika kijumba cha chai, kisha akafungulia bomba la tangi na kuuweka mkono chini ya maji. Kidole gumba kilikuwa kimebabuka. Alikifunga kwa leso, akatoka, akavuka ua wa ofisi akitembea wima, na alipofika mlangoni mwa chumba chao cha kazi akainama, kama walivyoinama wote.

Kuinama ilikuwa amri. Katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kuinua kichwa juu ya kizingiti cha dirisha.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Magdaline alikuja Juba kutoka Machakos mwaka uliofuata uhuru wa nchi hiyo mpya, wakati bendera mpya zilikuwa bado zinapepea kwenye bodaboda na hoteli zikijengwa kwa makontena. Aliajiriwa na shirika la misaada lililokuwa limepanga jengo karibu na mtaa wa Hai Malakal, akapewa kazi ya kuingiza majina kwenye kompyuta: majina ya watu waliokuwa wakirudi kutoka Khartoum na kushuka kwenye matishari bandarini, wakiwa na vitanda, milango na kuku wao. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote ofisini, naye alivionea fahari.

Mwaka huohuo shirika lilimleta mkufunzi kutoka Nairobi awafundishe wafanyakazi namna ya kuketi. Betty, msichana wa hapohapo Juba aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya na ambaye meza yake ilipakana na ya Magdaline, aliuliza kama kuna mtu mzima asiyejua kuketi. Wengine walicheka. Magdaline hakucheka. Alizingatia kila neno: ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, viwiko vikunjike kama pembe ya mraba, vifundo vya mikono visipindwe, nyayo zitue sakafuni, na dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma. Alipandisha kiti chake, akaiweka skrini juu ya katoni la karatasi, na tangu hapo hakujua tena maumivu ya shingo.

Kisha ikaja Desemba ya mwaka uliofuata, na vita vipya vikaanza Jumapili jioni bila kubisha hodi. Magdaline alilala kifudifudi chini ya kitanda katika chumba alichopanga, amekumbatia ndoo ya maji, mpaka gari la shirika lilipokuja kumchukua kumpeleka uwanja wa ndege. Alirudi mwezi wa pili, kwa kuwa mkataba ulimtaka arudi na kazi ilikuwa imezidi mara nyingi: sasa majina yalikuwa ya watu waliokimbilia kambini hapohapo mjini, na asiye na jina kwenye kompyuta hakupata kadi ya chakula. Aliingia chumba cha kazi akiwa na mkoba begani. Kitu cha kwanza kumwona, au ndivyo alivyohisi, kilikuwa tundu katika kioo cha dirisha.

Lilikuwa tundu dogo, na nyufa zake zilitawanyika pande zote kama mizizi. Lilikuwa ubavuni mwa kiti chake, usawa wa sikio.

Soro, mkuu wa usalama, ndiye aliyemweleza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyepigana msituni kwa miaka mingi kabla ya uhuru na kujifunza Kiswahili akiwa uhamishoni Uganda. Alimwomba Magdaline aketi kwenye kiti chake kama kawaida. Akaweka kidole kwenye tundu, akakipeleka hewani kikiwa kimenyooka mpaka kikamgusa sikio, kisha akakielekeza kwenye mlango uliokuwa wazi upande wa pili.

"Imeingia hapa, imepita hapa, imetoka mlangoni," alisema. "Kama ungekuwa kazini Jumatatu ile, dada, leo tungekuwa tunakusimulia."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Risasi ilikuwa imeingia dirishani na mlango ulikuwa wazi. Kwa nini mtu aitafute kwingine?

Tangu siku ile sikio la Magdaline lilikuwa likiwasha. Betty alipendekeza magunia ya mchanga dirishani, lakini Soro alikataa katakata, akisema kwamba dirisha lenye magunia ya mchanga humwambia mwenye bunduki aliye nje kuwa ndani kuna mwenye bunduki mwenzake. Kuliziba kwa matofali hakukuwezekana, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amekimbilia Kampala na hakuna aliyethubutu kugusa ukuta wake bila ruhusa. Basi vioo vikapakwa rangi nyeupe ili vivuli vya watu visionekane kutoka barabarani, meza zikasogezwa hatua moja ndani, na Soro akatoa amri ya vichwa. Kwa kuwa vichwa haviwezi kushuka huku meza zikibaki juu, fundi akaitwa.

Fundi huyo aliitwa Kato, Mganda mwenye karakana nyuma ya soko la Custom, na alifika kwa bodaboda akiwa amekumbatia msumeno. Aliikata miguu ya meza zote katika muda wa asubuhi moja, akavikusanya vipande katika gunia, na alipomaliza akasimama kuitazama kazi yake huku akitikisa kichwa.

"Madam, mimi nimekata meza ya bar, nimekata meza ya kanisa," alimwambia Magdaline. "Lakini ya kompyuta, hii ndiyo ya kwanza. Sasa nyinyi watu ya ofisi mutakaa chini kama watu ya kula posho na maharagwe?"

Betty alikiita chumba hicho chekechea. Viti vya magurudumu vilifungiwa stoo, nao wakaketi juu ya vigoda, magoti yakiwa yamepanda mpaka usawa wa viwiko. Wakati mwingine Betty aliimba nyimbo za watoto wadogo wakati wa kuingia, na wote wakaingia wakicheka, wamejikunja. Kicheko kile hakikudumu. Siku za kwanza Magdaline alisikia shingo ikikaza kama kamba inayosokotwa. Kisha maumivu yakashuka begani. Kisha, kwa kuwa kibodi ilikuwa juu ya mapaja na mikono ililazimika kupinda ili kuifikia, vidole vikaanza kuchomachoma kana kwamba vimeingia katika kichuguu cha siafu. Mwisho siafu wakaondoka, na hapo ndipo alipoogopa zaidi, maana hawakuacha kitu nyuma yao. Aliamka alfajiri akiuburuta mkono kwenye shuka kama mali ya mtu mwingine, akaupigapiga pajani mpaka ukarudi. Kila alfajiri ulichelewa zaidi kurudi.

Hakumwambia mtu. Alijua shirika lilivyokuwa likipunguza watu wa kigeni, na mchapaji asiye na mkono angekuwa wa kwanza kupakiwa kwenye ndege. Lakini vidole havikujua kutunza siri. Vilianza kugonga herufi zisizotakiwa na kuruka zile zilizotakiwa, na wiki moja kabla ya habari ya birika, mama mmoja alirudishwa mlangoni mwa ghala la chakula akiwa na watoto wake, kwa sababu jina kwenye kadi halikufanana na jina alilolitaja. Betty ndiye aliyeleta habari hiyo, akailaumu mashine. Magdaline alikumbuka jina lile, na alikumbuka alasiri aliyolichapa bila kuzihisi herufi zake.

Baada ya kuungua hakuweza tena kujidanganya. Alikwenda kumwona Achieng, Mkenya mwenzake, mtaalamu wa tiba ya viungo katika zahanati moja ya mjini. Achieng alikifungua kidonda, akakisafisha, akauliza kwa nini amengoja mpaka kikawa hivyo, na alipojibiwa kwamba hakikuwa kikiuma aliacha kuuliza. Alimpa kipande cha karatasi akibane kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha akakivuta. Kilichomoka bila ubishi. Akaiweka mikono yote miwili ya Magdaline mezani, viganja juu, akamwonyesha kinundu cha nyama chini ya kila gumba. Cha kushoto kilikuwa kimejaa. Cha kulia kilikuwa kimebonyea kama embe lililokaushwa.

"Mshipa wa fahamu unabanwa hapa kwenye kifundo," alisema. "Unabanwa kwa jinsi unavyoketi. Ukiinuka sasa, msuli huu utarudi. Ukiendelea kujikunja mpaka msuli ufe, Magda, hautarudi hata ukipasuliwa."

"Nikiinuka kichwa kinakuwa dirishani."

Achieng alimtazama. Tangu Desemba yeye mwenyewe alikuwa akilala kwenye ujia wa nyumba yake, mbali na kuta za nje, na hakuwa na haja ya kuelezwa.

"Mimi natibu mikono," alisema mwishoni, akifunga bandeji. "Kwa hilo lingine sina dawa."

Magdaline alirudi ofisini akiwa na hofu mbili, na kila moja ilimsukuma mikononi mwa nyingine. Alimweleza Soro kila kitu, hata habari ya yule mama wa ghalani, kwa sauti ya chini na kwa adabu, akimwita Mzee Soro, akaomba aruhusiwe kuketi juu. Soro alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anamhurumia, na kwamba amewahi kuwaona watu wenye mkono mmoja wakilima, wakijenga na kulea watoto, lakini hajamwona hata mmoja asiye na kichwa akifanya lolote. Kisha akasema, "Kalas," kama wasemavyo wenyeji jambo likiisha, akaenda zake.

Alasiri moja Betty alipotoka, Magdaline alijaribu kuivunja amri. Alipiga magoti juu ya kigoda na kuinua kiwiliwili polepole, shingo, kidevu, mpaka macho yake yakapita kizingiti. Mbele yake hapakuwa na kitu ila kioo cheupe na lile tundu. Hakuna aliyepiga risasi. Hakuna aliyepita barabarani. Lakini tundu lilikuwa kama jicho lililomngoja tangu Desemba, na sikio lake lilianza kuwasha kwa nguvu hata machozi yakamlenga. Alijishusha haraka na kuketi, kisha akavirudisha vidole visivyo na uhai kwenye kibodi.

Tundu hilo lilikuwa na kero nyingine, ndogo, ambayo hata hakuona haja ya kuitaja. Dirisha lilitazama magharibi, na kwa kuwa kioo kizima kilikuwa kimepakwa rangi, jua la alasiri liliingia kwa njia ya tundu peke yake. Mwali mwembamba ulikatiza chumba, ukaanzia sakafuni na kupanda taratibu kadiri jua lilivyoshuka. Siku zote ulipofika kwenye skrini yake alikuwa akisogea pembeni, akajipinda zaidi, akaendelea na kazi mpaka upite.

Siku mbili baada ya kupiga magoti kule alikuwa amechoka kusogea. Mgongo ulikataa. Upepo wa kiangazi ulikuwa umejaza chumba vumbi laini, na mwali ulionekana wote, kutoka kiooni mpaka ulikoishia, kama uzi uliovutwa. Betty aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, akacheka.

"Magda, tulia hivyohivyo. Una nukta hapo usoni, umekuwa bibi harusi wa kwenye filamu za Kihindi."

Magdaline aligusa paji lake, karibu na sikio. Ngozi ilikuwa na joto. Aliinama pembeni amwache Betty acheke vizuri, na ile nukta ya nuru, kwa kuwa haikuwa tena na uso wa kutua, ikaanguka ukutani nyuma yake. Haikuanguka mlangoni. Ilianguka chini kabisa, karibu na sakafu, mahali palipopangwa makatoni ya karatasi. Nusu yake ilikuwa juu ya katoni. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya kitu cheusi kwenye plasta.

Alitambaa mpaka pale. Aliyavuta makatoni kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa ukiteleza tu. Plasta ilikuwa imemomonyoka na kulundikana sakafuni kama unga, na katikati ya mmomonyoko kulikuwa na shimo lenye upana wa kidole. Nukta ya nuru ilikuwa imetua humo barabara.

"Haikutoka mlangoni," alisema.

Betty alikuwa ameacha kucheka. Wote wawili waligeuka wakaufuata mwali kwa macho: kutoka shimoni, juu kidogo, juu zaidi, mpaka kwenye kigoda kilichokuwa kitupu, ukapita hewani mahali ambapo dakika moja iliyopita kulikuwa na kichwa cha Magdaline, ukaendelea kupanda mpaka kwenye tundu la kioo. Risasi haikuwa imepita sawasawa kama kidole cha Soro. Ilikuwa imetoka juu, mbali, ikishuka, kama zinavyoshuka risasi zilizofyatuliwa na mtu asiyejua wala kujali zitaangukia wapi. Nao, kwa msumeno na kwa amri, walikuwa wameshuka na kuketi ndani ya njia yake ileile.

Magdaline alifikiria majuma yote aliyojikunja pale akiamini kuwa anaukabidhi mkono wake ili kichwa kipone. Alimwomba Betty asimame nyuma ya kigoda, akaona mwali ukimpiga pajani. Akamwomba asogee karibu na dirisha, ukampiga kifuani. Betty akatoka mbio kwenye nuru kana kwamba imemchoma, akasema hataki mchezo huo tena.

Soro aliitwa. Aliingia akiwa ameinama, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuivunja amri yake, akachuchumaa kando ya shimo na kulichokoa kwa ufunguo mpaka kipande cha chuma kilichopondeka kikamwangukia kiganjani. Kisha akanyoosha mkono na kuutia ndani ya mwali, na nukta ikahama kutoka ukutani ikatua kwenye mkono wake mkubwa wenye makovu.

"Mzee Soro," alisema Magdaline, "hakuna kimo kilicho salama mbele ya dirisha hili. Sioni la kufanya ila kuondoka mbele yake. Tukae kwenye kona ile, nyuma ya ukuta wa matofali, dirisha likiwa ubavuni. Huko naweza kuketi kama mtu."

Pale kwenye kona palikuwa na makabati mawili ya chuma, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kupafikiria. Soro aliyatazama makabati, akalitazama dirisha, akautazama mkono wa Magdaline uliofungwa bandeji.

"Msituni, risasi zikilia tulilala chini," alisema taratibu. "Zikinyamaza, tuliinuka. Hakuna aliyepika akiwa amelala." Alikitia kile kipande cha chuma mfukoni. "Mimi nimewalaza nyinyi muda wote huu."

Makabati yalisukumwa mbele ya dirisha siku hiyohiyo. Kato alipoitwa tena aliulizwa viko wapi vipande vya miguu ya meza, akajikuna kichwa. Alikuwa ameshavifanya vigoda vya wauza chai pale Custom, na wateja walikuwa wamevikalia. Alirefusha meza kwa mbao nyingine, nyeusi kwa nyeupe, mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba, huku akinung'unika kwa furaha.

"Leo fupi, kesho refu," alisema. "Kesho kutwa mutaniambia madam anataka meza ipande ngazi."

Asubuhi iliyofuata Magdaline alikitoa kiti chake stoo, akakifuta vumbi na kukipandisha. Aliipima skrini kwa macho. Alivikunja viwiko, akazitua nyayo, akauegemeza mgongo, na nyuma ya mgongo, karibu kiasi cha kuuhisi ubaridi wake, ulikuwapo ukuta. Kila kitu kilikuwa kama alivyofundishwa, na bado mwili wake haukusadiki. Mabega yalitaka kushuka. Kidevu kilitafuta kifua. Kila pikipiki ilipopita barabarani alijikuta amejikunja tena, naye ikabidi ajinyooshe upya, kiungo kimoja kimoja, kama mtu anayekunjua nguo iliyolala mvunguni.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, ukasikika mlio wa risasi upande wa mto. Mmoja, kisha miwili kwa pamoja. Sauti ya Soro ilitoka uani ikiwaamuru walale, nao wakalala wote, Betty akamshika Magdaline kifundo cha mguu na hakukiachia. Sakafu ilinuka vumbi na rangi. Magdaline aliweka shavu lake chini na kusikiliza. Ulikuja mlio mwingine, mbali zaidi. Kisha ukimya, ule ukimya ambao watu wa Juba walikuwa wamejifunza kuuogopa kwa kuwa hakuna ajuaye unangoja nini.

Ulidumu. Jogoo akawika katika ua wa jirani. Mtu akawasha jenereta.

Hakuna aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Magdaline alijua kwamba akibaki pale mpaka ahisi usalama, hatainuka leo wala mwezi ujao, maana usalama haukuwa ukija. Aliutoa mguu wake taratibu kwenye mkono wa Betty. Alishika ukingo wa meza, akajivuta juu, akaketi. Aliunyoosha mgongo mpaka ukagusa kiti, akayapandisha macho mpaka yakalingana na ukingo wa skrini, akavikunja viwiko. Jina lililokuwa mbele yake lilikuwa la mwanamke mwenye watoto wanne. Alianza kulichapa, herufi baada ya herufi, akikihakikisha kila kidole kwa macho kwa kuwa hakuweza kukihakikisha kwa hisi.

Mwisho wa jina alibonyeza kwa kidole gumba, na gumba likauma.

Yalikuwa maumivu madogo, chini ya bandeji, mahali birika lilipomchoma. Alibonyeza tena. Yakaja tena, makali kidogo kuliko ya kwanza. Betty, akiwa bado kifudifudi sakafuni, alimuuliza kwa mnong'ono kama ameumia.

"Ndiyo," alijibu Magdaline, akiwa ameketi wima, sikio moja likisikiliza upande wa mto. "Ndiyo, kinauma."